Kitambaa Ndani ya Mkebe

Magharibi ilikaribia Selemani alipopanda ngazi za ghorofa kuukuu katika mtaa wa Berea, kuchukua mkebe wa vifaa vya bunduki kwa Mama Hedwiga. Alikuwa na mazoea ya kukusanya vifaa vya zamani vya kusafishia bunduki za jeshi: chupa za mafuta, brashi, kamba za kupitishia kitambaa ndani ya mtutu. Bunduki yenyewe hakuwahi kuigusa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wenzako wanakusanya stempu, wewe brashi za bunduki!"

Mama Hedwiga alicheka. Alikuwa mjane wa Kitanzania, aliyemfuata mumewe Sipho aliporudi kwao kutoka uhamishoni, alikokuwa mpigania uhuru. Mara kicheko kikakatika.

"Kitambaa kilichofungwa kwenye kamba iliyomo humu ni kipande cha shati la rafiki yake Sipho, aliyefia kambini. Usikitoe."

"Kwa nini, mama?"

"Sipho alisema, huyo akikosa shati lake, atachukua la mwingine, na mwenyewe pia."

Selemani aliitikia kwa adabu. Lakini mkusanyaji ana mazoea yake. Kitambaa kilichooza hula shaba ya ncha ya kamba, na kila kamba iliyoingia nyumbani kwake Fordsburg ilivuliwa kitambaa siku ileile. Hakufanya kwa dharau. Usiku huo alikitupa kile kipande cha shati, akafunga mahali pake kipande cha gauni kuukuu la Nasra, bintiye wa miaka sita. Asubuhi lori la taka likapita, likakichukua.

Jioni, Nasra akaanza kukohoa.

"Eish, baba… kuna kitu kinanivuta hapa." Akashika koo.

Pumzi yake ilinuka mafuta ya bunduki.

Sebuleni, ndani ya mkebe uliofungwa, kamba ikasikika ikivutwa… *krrr*.

Kimya.

*Krrr*.

Kila mvuto, kifua cha mtoto kiliinuka.

Selemani akampigia mjane simu.

"Umekitoa," alinong'ona Mama Hedwiga. "Umefunga nini badala yake?"

Macho yake yakaenda kwenye mkebe.

"Selemani. Umefunga nini?"

Akafungua mkebe. Kipande cha gauni kilikuwa kimelowa, na kilikuwa na joto. Akalifungua fundo kwa meno. Kamba tupu ikajinyoosha yenyewe, polepole, ncha ikielekea chumbani kwa Nasra…

Akararua mkono wa shati alilovaa. Akafunga. Akakaza.

Chumbani, mtoto akashusha pumzi ndefu, akalala.

Selemani akakaa sakafuni, mkebe mapajani. Akasubiri.

Kisha kitu kikamgusa kooni, kwa ndani. Kikamvuta kidogo tu, taratibu, kama mtu anayejaribu kuona iwapo fundo limekaza.