Riwaya ya Kumi na Tisa

Stendi ya mabasi ya Moshi ilifurika asubuhi ile ya Machi 1995. Wapigadebe waligombania abiria wa Rombo, akina mama walipita na mikungu ya ndizi kichwani, na Mektrida Shirima, ndani ya gauni lake la kitenge cha bluu, alijibanza pembeni ya meza ya muuza vitabu kama mtu aliyekuja kuiba. Hakuja kuiba. Alikuja kuona kama kuna mtu atakayenunua riwaya yake ya kumi na nane.

Ndivyo alivyofanya kila kitabu kilipotoka. Alifundisha shule miaka mitatu baada ya chuo, akaacha chaki, akapanga chumba Rau, na tangu hapo alijaza kaunta buku moja baada ya nyingine kwa hadithi za mapenzi. Wasomaji hawakumjua kwa sura. Kwenye jalada palikuwa na "M. Shirima" tu.

Kijana mrefu, mwenye pumba za mpunga kwenye nywele, akakiokota kitabu.

"Alaa! Huyu mzee Shirima katoa kingine?"

"Mzee?" Mektrida akaropoka.

"Lazima awe mzee. Kapendwa sana huyu, kisha akaachwa sana."

"Hajawahi kuachwa."

"Umejuaje wewe, dada?"

Mektrida akatazama ncha za viatu vyake. "Kwa sababu hajawahi kupendwa."

Kijana akamwangalia, akakiangalia kitabu, akaona wino kwenye kidole cha Mektrida. "Mungu wangu," akasema taratibu. "Mzee Shirima anavaa gauni."

Aliitwa Filemon, fundi wa mashine za kukoboa mpunga kule Mabogini. Vitabu alimnunulia mama yake, Veronika, wa Kilema kule mlimani, ambaye hakujua kusoma. Kila Jumapili baada ya misa Filemon alipanda kwao akamsomea kwa sauti, na majirani wakaja na vigoda vyao kusikiliza.

Haikupita wiki, simu ya kiwandani kwa mchapaji wake, Rogath, alikoshinda Mektrida, ikaanza kulia kila mchana. Filemon alipiga kutoka duka la ng'ambo ya barabara.

"Fundi wako!" Rogath aliita, na wapanga herufi wote wakacheka.

"Mwandishi wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Umekula wino. Toka nje, kuna mtu kakuletea ndizi za kuchoma na njaa inamuuma kuliko wewe."

Walitembea sana katika msitu wa Rau. Humo, siku moja ya Juni, Filemon alimwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

Baba yake alivuka mpaka wa Holili kwenda Mombasa kutafuta kazi, Filemon akiwa na miaka sita. Hakurudi. Na kwao Desemba kila mtu hurudi nyumbani. Mji ambao mwanamume wake hakuonekana huwa gumzo la mwaka mzima. Basi alfajiri ya Krismasi Veronika alivaa viatu vikubwa vya mumewe, akatembea kwenye tope kutoka njiani hadi mlangoni, akarudi. Kulipokucha aliwaonyesha majirani nyayo. "Alifika, jamani, kazi imemwita." Alifanya hivyo Krismasi tano mfululizo.

"Nilimwona, nikichungulia dirishani," Filemon alisema. "Hajui kama niliona."

Mektrida alilia begani kwake. Alilia kwelikweli. Kesho yake asubuhi alifungua kaunta buku mpya.

Alibadilisha majina. Kilema ikawa Machame, Mombasa ikawa Nairobi. Viatu havikubadilika, maana riwaya yote ilisimama juu ya viatu. Alijiambia atamwomba Filemon ruhusa kabla ya kuchapa. Kila simu ilipolia alifungua kinywa, aibu ikamfunga. Halafu Rogath akaja kuuchukua mswada, naye akauachia.

*Nyayo za Desemba* ilitoka Oktoba. Filemon aliinunua kimyakimya, apate kumshangaza kwa kuimaliza kabla hajaambiwa. Jumatatu iliyofuata simu ililia.

"Mektrida."

Hakusema "mwandishi wangu".

"Jana nilikuwa namsomea mama. Watu wamejaa uani. Nikafika kwenye viatu, nikanyamaza. Tabitha, jirani yetu, anasema, 'Soma basi, mbona umekwama?' Mama alikuwa anamenya maharage. Akasema, 'Soma, mwanangu. Wanasubiri.' Nikasoma mpaka mwisho wa ukurasa. Wakaondoka mmoja mmoja. Kila mtu amekumbuka ng'ombe wake."

"Filemon, mpenzi..."

"Nijibu moja tu. Siku ile msituni, ulikuwa unalia au unaandika?"

Jibu alikuwa nalo. Simu ilikatwa kabla hajalitoa.

Kitabu kilichapwa tena. Rogath alitembea akipiga mluzi. Wanawake stendi walilia juu ya kurasa zile, na kila sifa ilimchoma Mektrida kama pasi. Akishika kalamu aliona mwanamke peke yake kwenye tope. Siku mbili kabla ya Krismasi alifunga kitambaa kichwani, akapanda Kilema.

Filemon alikuwa anachuna mbuzi chini ya migomba. Alimwona, akaendelea kuchuna. Veronika alikaa kwenye kigoda mlangoni, khanga mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama alimtazama mikononi. "Huko kwenu hakuna masale?"

Mektrida alielewa. Uchaggani aliyekosa huja na jani la isale, lile linalopandwa mipakani, na aliyekosewa akishalipokea hana budi kusamehe.

"Yapo, mama. Niliona nikija nalo nitakulazimisha kunisamehe. Sistahili."

Veronika akacheka, kicheko kikavu. "Umesoma, lakini mambo huyajui. Miezi miwili nakukasirikia, nimechoka. Isale si la kunilazimisha, ni la kunisaidia. Nitakusameheje nikiwa sina kitu cha kushika? Nenda pale mpakani ukachume."

Akachuma. Akapiga magoti, akalitoa kwa mikono miwili. Mama akalipokea, akalilaza mapajani, akalipapasa kwa muda mrefu.

"Tabitha aliniuliza habari za mume wangu kila Krismasi, miaka ishirini na zaidi. Nikatunga. Mimi pia nimetunga sana, mwanangu. Sasa haulizi, ananiletea maziwa tu. Usidhani nakushukuru. Sikushukuru. Nimekusamehe."

Machozi yalimtoka Mektrida. Nyuma yake kisu kikanyamaza.

"Mama kapata lake," Filemon alisema. "Mimi je?"

Mektrida akarudi mpakani, akachuma la pili. "Siku ile nilikuwa nalia, Filemon. Na nilikuwa naandika. Vyote viwili."

Akalichukua kwa mkono wenye mafuta ya mbuzi. "Ungesema hivyo kwenye simu ningekuchukia."

"Na sasa?"

"Sasa nimechoka kula mchana peke yangu. Jumapili twende kwa padre tukaandikishe ndoa. Ukikataa, huyu mbuzi utamla mwenyewe."

Mektrida alitaka kucheka, alitaka kumrukia shingoni. Akabaki amesimama.

"Kuna jambo. Mama alivyolipapasa lile jani... kichwani nimeshaanza kuliandika."

Filemon akamtazama mama yake. Mama akatazama migomba. Kisha Filemon akanyoosha kisu kuelekea mpakani.

"Basi kachume la tatu."