Sahani ya Saba

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, diski ya data haikuwepo mezani. Waya wake ulikuwepo.

Mlango wa maabara haukuvunjwa.

"Nani ana ufunguo?" Inspekta aliuliza.

"Mimi na Mjomba," alijibu mwanafunzi wa uzamivu. "Afande, natetea tasnifu saa nane! Jenomu zote za vimelea vya malaria zimo humo. Miaka minne!"

"Nakala?"

"Kwenye seva. Seva iko kwa mafundi wiki ya pili."

Mjomba alikuwa fundi wa maabara. Chuo kizima kilimwita hivyo, hata profesa aliyemzidi umri.

Inspekta alifungua friza. Sahani kumi za plastiki, kila moja na vishimo tisini na sita, kila kishimo sampuli ya mgonjwa wake, ila kimoja cha maji matupu ya kulinganishia. Tisa zilikuwa safi. Ya saba ilichorwa mshale mwekundu. Aliugusa. Wino ulimchafua kidole.

Alimkuta Mjomba stoo, kainamia kompyuta.

"Nionyeshe mikono."

"Ya nini, Afande? Sijala rushwa."

"Umekula wino."

Mjomba alitazama kidole gumba chake chekundu, akacheka, kisha akaketi.

"Diski nimechukua mimi. Sahani ya saba niliiingiza kinyume kwenye mashine ya kusoma jenomu; mshale nimeuchora leo kuonyesha upande sahihi. Mgonjwa wa kwanza kapewa vimelea vya wa mwisho, na wote wa katikati vivyo hivyo. Nimegundua jana nikichapa majedwali: kishimo cha maji matupu kina malaria!"

"Mbona hukusema?"

"Nimvunje moyo mtoto siku yake? Nilitaka nirekebishe, niirudishe kimyakimya. Sikujua angewahi kufika."

Mwanafunzi alikuwa amesimama mlangoni.

"Mjomba! Sahani ya saba ndiyo anayotaka profesa kuniangushia, kwa kuwa haifanani na zingine! Nimeililia miezi sita!"

"Nilikuwa nakuletea leso, mwanangu. Sikujua anayekuliza ni mimi."

"Sogea huko!"

Mwanafunzi aliketi kwenye kompyuta, akaigeuza orodha ya sampuli za sahani hiyo, ya mwisho ikawa ya kwanza. Programu ilifanya kazi dakika arobaini. Grafu ikatokea: sahani ya saba ilikaa mstari mmoja na zile tisa. Kishimo cha maji kilikuwa maji.

Mwanafunzi alimkumbatia Mjomba hadi miwani ikadondoka.

Inspekta aliandika: *Mali imepatikana. Hakuna mashtaka.* Kisha akauliza ukumbi wa utetezi uko wapi.

Saa tisa na nusu profesa alifungua mlango, akamwita mwanafunzi "Daktari". Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa Mjomba.