Kocha Mugambi Asimamisha Mchezo

Kila Jumamosi Akeyo hunywa chai akiwa wima, kisha hupaza sauti mlangoni, "Hej då, mamma!"

"Nimekuzaa kwa Kiswahili, niage kwa Kiswahili!" hujibu mama yake, Magdalene. Lakini Akeyo huwa keshafika uwanjani Rågsved, mtaa wao huko ughaibuni.

Huko hufundisha Kocha Mugambi, aliyewahi kuvuma katika raga ya wachezaji kumi na watatu. Wakenya wa mtaa huo husema kwamba enzi zake alivuka mstari na wapinzani watano mgongoni, wa sita akimwomba lifti. Mwenyewe hucheka tu. "Msiongeze chumvi. Walikuwa wanne."

Siku ya nusu fainali dhidi ya Norsborg, Akeyo aligongana kichwa na mpinzani. Masikio yakavuma, macho yakaona mipira miwili.

"Mwambie Kocha," akanong'ona rafiki yake Christelle.

"Thubutu! Aliyegongwa kichwa hupumzishwa. Nitakosa fainali."

Punde akaangushwa akiwa na mpira. Katika raga hiyo, aliyeangushwa huinuka, huwaelekea wapinzani, kisha huusukuma mpira nyuma kwa mguu, kwa wenzake. Akeyo aliinuka akiwaelekea wenzake, akausukumia mpira miguuni mwa Norsborg!

Watazamaji wakaangua kicheko. Kocha hakucheka. Aliomba mchezo usimamishwe, akaingia uwanjani mbio.

"Mwanangu, umeumia?"

Akeyo alitaka kukana. Lakini mbele yake walisimama makocha wawili, na wote walimtazama kwa huruma. Machozi yakamtoka.

"Nimeumia, Kocha. Nilificha ili nicheze fainali."

"Asante kwa kusema kweli. Fainali hutacheza."

"Voilà! Si nilikuambia?" akasema Christelle.

"Hata ukisema kwa Kifaransa, kichwa kinaniuma vilevile."

Daktari alimwamuru apumzike. Fainali ilichezwa bila yeye, na timu ikashinda, jambo lililomuuma kuliko kichwa. Kocha akaja kuketi kando yake.

"Nilipokuwa nahodha niligongwa kichwa kama wewe, daktari akanizuia kucheza mechi kubwa kuliko zote. Nikamvika mwenzangu kitambaa cha unahodha. Waliniita mwoga."

"Ukafanyaje?"

"Nilipona, nikarudi, nikacheza mpaka nikachoka mwenyewe. Leo nawafundisha, na sijasahau jina la hata mmoja wenu. Usifiche maumivu, Akeyo. Timu ina wachezaji wa akiba, kichwa hakina."