Nywele Zilizofunguliwa Jioni

Kitone cha kisogoni kilikataa kuwa kijani. Vingine kwenye skrini vilikuwa vikibadilika, mara njano, mara nyekundu, lakini hicho kiling'ang'ania wekundu wake tangu Taimane alipomvisha mdogo wake kofia ya kupimia umeme wa ubongo. Kijani ndiyo ilimaanisha kipini cha kofia kimeshika ngozi.

"Umekaza mno, dada. Hivi vipini vyake vinanichoma."

"Havikuchomi, vinakugusa. Na acha kuuma meno. Ukiuma meno, mashine inasoma taya badala ya ubongo."

"Basi isome taya. Labda ndiyo yenye akili."

Taimane hakucheka. Alikuwa fundi wa vipimo hospitalini Apia, na kofia ile ameazimwa tu, kesho irudi. Sulieti alikuwa na kifafa. Mara ya mwisho aliangukia mawe ya moto ya umu, jiko la shimoni, na mkono wake mpaka leo una kovu. Daktari alishasema wazi: bila mawimbi safi, dawa itakuwa ya kubahatisha. Ya kubahatisha walishaijaribu, na kovu ndilo lilikuwa jibu lake.

Basi akafanya kila alilolijua. Akachomoa chaja ya kompyuta, akazima feni, akafuta vipini kwa spiriti, akahamisha klipu ya sikioni. Wapi! Mwisho akapenyeza kidole chini ya fundo la nywele za Sulieti, kikatoka kinang'aa.

"Mafuta ya nazi! Si nilikukataza?"

"Ulitaka niende kanisani na kichwa kama ufagio?"

Wakaosha nywele, wakazikausha. Bado fundo liliisukuma kofia juu, vipini havikufika kwenye ngozi. Taimane akamwekea kioo mbele ili Sulieti amsaidie kugawa nywele. "Fungua zote," akasema.

Sulieti akatazama nje. Jua lilikuwa limeinama, na moshi wa majiko ulikuwa umelala juu ya migomba. "Watapiga baragumu la sala sasa hivi."

"Kwa hiyo?"

"Unajua. Msichana hafungui nywele saa hizi. Tena mbele ya kioo! Yule mwanamke wa mizimu anapenda hivyo, ndiyo njia yake ya kumwingia mtu."

"Waachie wazee hayo. Mimi ni mtu wa hospitali."

"Basi anza wewe, mtu wa hospitali."

Taimane hakuwa wa kushindwa na mdogo wake. Akachomoa kitana, nywele zake zikamwagika mpaka kiunoni, akajivisha kofia. Vitone vyote kijani. "Umeona? Kofia haina tatizo. Haya, zamu yako."

Baragumu lililia nywele za Sulieti zikiwa bado zinashuka mgongoni. Taimane akamvisha kofia, na mara hiyo vitone vyote vikawa kijani, hata cha kisogoni. Akapiga makofi kwa furaha. Kisha akasikia harufu ya maua ya langilangi, nzito, na mlangilangi haukuwepo karibu na nyumba ile.

Akatazama mawimbi. Yalikuwa makubwa, ya polepole, mawimbi ya mtu aliyezama usingizini. Sulieti alikuwa macho, anajitazama kiooni.

"Suli, umelala?"

"Nalalaje na wewe unanichana nywele?"

Mikono yote miwili ya Taimane ilikuwa juu ya kompyuta. Alinyanyua macho, akaziona nywele za mdogo wake zikigawanyika zenyewe kutoka utosini hadi chini, polepole, kama zinapitiwa na kitana, zikitoa ule mkwaruzo laini anaoujua kila mtu aliyewahi kuchanwa na mama yake, na alipoinyakua kofia na kuitupa mkekani vitone vilibaki kijani, klipu haijashika sikio la mtu yeyote, mawimbi yakaendelea kupanda na kushuka, na ndani ya kioo kinywa cha Sulieti kikafunguka kikatoa sauti ya mwanamke mzima.

"Mbona mmeacha? Mlinitengenezea njia vizuri."

Taimane akakimbia nje katikati ya sala, huku akizifunga nywele zake, vijana wa zamu wanaolinda saa ya sala wakimkemea arudi ndani, naye hakuwasikia mpaka alipofika kwa Mama Penina, mganga.

Mama Penina alikuja na majani ya mti wa nonu, ya kufukuzia mizimu. Akakigeuzia kioo ukutani, akazisokota nywele za Sulieti, akamkanda kutoka shingoni. Akauliza kwa sauti ya chini, "Nani alifungua nywele?"

"Sulieti."

"Yeye peke yake?"

Taimane alihisi fundo lake likimlegea kisogoni. Aliona aibu. Mtu wa hospitali! "Yeye peke yake, mama."

Mganga akamwinamia mgonjwa. "Toka. Mtoto huyu ana watu wake."

"Natoka," sauti ikajibu, ikicheka chini kwa chini. "Huyu simhitaji."

Mama Penina alikunja uso. Haikuwa kawaida kutoka kirahisi hivyo. Lakini Sulieti alitapika, akalia, akaomba chai na mkate, na furaha ya kumwona akitafuna ikamnyamazisha kila mtu.

Asubuhi, kabla ya basi la kurudi Apia, Taimane alimsuka mdogo wake mistari, vipini vikagusa ngozi tupu. Kijani kitupu. Mawimbi yalikuwa madogo na ya haraka, ya mtu aliye macho, na katikati yake ikaonekana michomo mikali ya kifafa aliyokuwa akiitaka daktari. Sasa mdogo wake angepata dawa yake halisi. Taimane alilia bila kujificha.

"Sasa wewe," Sulieti akacheka, akimvika kofia. "Tuone huo ubongo wa hospitali."

Vitone vyote kijani, ingawa fundo la Taimane halikufunguliwa. Sulieti akausogeza uso kwenye skrini. "Mbona yako makubwa hivi? Yanaenda polepole."

Kisogoni kwa Taimane, chini ya fundo alilolikaza kwa nguvu zake zote, kitu kilikuwa kinapita katikati ya nywele, taratibu, kutoka juu kwenda chini.

Akaifunika kompyuta. "Haishiki vizuri," akasema. "Itakuwa mafuta."

"Lakini wewe hupaki mafuta, dada." Sulieti akanusa hewa, bado anatabasamu. "Na hiyo langilangi umeitoa wapi?"