Maharage ya Kabatini

Saa moja na nusu asubuhi, mwalimu wa baiolojia alifungua blogu ya darasa lake akaikuta nyeupe pe. Kila mwanafunzi aliotesha maharage kwenye mikebe miwili, mmoja dirishani, mwingine ndani ya kabati lenye giza, na kuandika alichokiona. Wiki tatu za maelezo na picha, zote zimefutwa. Na saa nane wageni wa shule jirani walikuwa waje kuiona.

Kesi ikatua kwa mwalimu wa nidhamu, mzee wa hisabati aliyeyajua maharage ya kwenye sahani tu. Mtuhumiwa alishapatikana: Chiriku, binti mwenye mdomo usio na breki, aliyeonekana jana jioni akitoka wa mwisho chumba cha kompyuta. Mkuu wa shule alishampigia mama yake simu: aje saa sita amchukue, na asimrudishe.

Mzee hakupenda kesi iliyoiva kabla ya kupikwa. Akamwita Chiriku.

"Nywila ya blogu mnayo wangapi?"

"Darasa zima, mwalimu. Hata kwa simu inafunguka. Unalala kitandani, unafuta."

"Ukafuta?"

"Mimi? Habari yangu ndiyo ilikuwa na wasomaji."

Mzee akakuna kidevu. Aliyeandika hukumbuka alichoandika; mwenye la kuficha atayumba. Akaamua kila mmoja amuulize swali lilelile.

"Mmea wako wa kabatini uliandika ukoje?"

"Mrefu, mwembamba kama uzi, mweupe kama mgonjwa. Wa dirishani haufiki nusu yake."

Mzee akaguna. Wa gizani uushinde wa juani? Hapo binti akaanza kumtia shaka.

Akaingia Kijiti, aliyewahi kuapa mbele ya darasa kwamba ataifuta hiyo blogu.

"Nilisema, mwalimu. Lakini mdomo si mkono."

"Na mmea wako?"

"Mrefu. Umelala chali kama mlevi."

"Mmepanga na Chiriku?"

"Mimi na Chiriku hatujapanga hata foleni."

Wa tatu alikuwa kijana waliyemwita Profesa, anayeongoza darasa kila muhula, shati limenyooshwa hadi kola.

"Wangu ulidumaa, mwalimu. Mfupi, majani mawili. Mmea hutengeneza chakula kwa mwanga. Bila mwanga utakuaje?"

Jibu limenyooka kama rula. Mzee nusura aridhike, ila udadisi ukamwasha: mbona anayesema la maana ni mmoja tu? Akasimama.

"Twendeni kwenye hilo kabati."

Mlango ulipofunguliwa, mabua meupe yakamwagikia nje, marefu, yamesokotana. Mkebe mmoja tu haukuwa na kitu, udongo umepasuka kwa ukavu. Ubavuni jina la Profesa.

"Gizani mmea hurefuka ukiutafuta mwanga, kwa akiba ya mbegu," mwalimu wa baiolojia alisema. "Sikuwaambia. Nilitaka waone wenyewe, waandike, wasomane."

Mzee akamgeukia Profesa. "Huo mfupi uliuona wapi?"

"Kichwani. Mkebe niliusahau tangu siku ya kwanza. Jana jioni nikaandika ninavyojua. Mara mtu akaniuliza pale chini ya habari yangu, mbona yetu yote ni mirefu? Ndipo nikasoma za wenzangu."

"Ungefuta yako tu."

"Wangeuliza kwa nini yangu tu. Wangefungua kabati, wakauona mkebe wangu mkavu. Mimi ndiye Profesa, mwalimu."

"Na Chiriku afukuzwe?"

"Habari zote zimo kwenye pipa la taka la blogu. Nilishindwa kulimwaga."

Akaketishwa kwenye kompyuta azirudishe moja moja, na kila moja aisome kwa sauti mbele ya mwenyewe. Alipofika ya Chiriku akasema, "Nisamehe." Chiriku akamwambia aendelee kusoma, bado kuna aya mbili.

Saa sita mama akafika, uso umekunjwa tayari.

"Mama, tumekuita bure, tunakuomba radhi," mzee alisema. "Binti yako hana kosa, na haendi popote. Lakini kwa kuwa umefika, karibu uone alichootesha."

Mama akainama, akauinua mmea kwa kidole, akautazama sana.

"Mbegu mliwapa nyie?"

"Kila mtoto alileta za kwao."

Mama akamgeukia binti yake taratibu.

"Kumbe panya wa jikoni kwangu anavaa sare."