Kadi Iliyovishwa Plastiki

Kila Jumamosi akitoka chuo cha Kurani, Asmahan alimwaga kadi zake kwenye ngazi za ghorofa yao mtaani Newtown, huko ughaibuni, akazipanga na kuzikagua kama mtu anayechambua mchele. Si kadi za mpira wa miguu walizokuwa nazo watoto wote, hizo alizidharau. Zake zilikuwa za besiboli, za zamani, kutoka Marekani. Mchezo wenyewe hajapata kuuona hata siku moja! Ana miaka kumi na miwili, anamjua kila marehemu aliyewahi kushika gongo, na hesabu za kugawanya zinamshinda.

"Vizee vya watu vimevaa kofia vinakodolea jua," mama yake, Mwanakhamis, alimwambia akipita na kapu la nguo. "Ndiyo hazina hiyo?"

"Mama nawe! Huelewi."

Siku moja Fosia, mtoto wa miaka tisa wa jirani wa chini, alipanda na kadi moja mkononi. Alipewa na mjomba wake Abdiaziz, aliyewahi kuishi Marekani. Asmahan aliitambua mara moja: ya besiboli, ya miaka ya hamsini, pembe zote nne kali kama imetoka kiwandani jana. Alijua ina thamani, akaitamani. Akakunja pua.

"Takataka hii. Imefifia. Basi tu kwa kuwa ni wewe, nitakupa sita mpya za mpira nilizopewa, mimi sina haja nazo."

"Sita? Kwa hii moja?" Fosia akarukaruka. "Ahsante, dada Asma!"

Ahsante hiyo akaipokea bila haya.

Sasa akaingiwa na hofu kadi isije ikachafuka. Nyumbani kwao kila karatasi yenye maana huvishwa plastiki: vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya chanjo, hata dua ya safari iliyobandikwa mlangoni. Mwanakhamis alinunua mashine ya kazi hiyo tangu enzi za kuhangaikia makaratasi ya uhamiaji. Asmahan akaiwasha, akaipitisha kadi kwenye joto. Ikatoka inang'aa kama sahani. Akajiona mjanja kuliko wote.

Jumamosi iliyofuata akamvuta mama yake sokoni kwa Chhotubhai, mzee Mhindi mzaliwa wa Mombasa anayeuza sarafu, stempu na kadi za kale.

"Nataka tubadilishane, babu," alisema, akiiweka kadi mezani kwa maringo.

Chhotubhai akaigeuza. Akacheka puani. "Nani ameipika hii?"

"Nimeihifadhi."

"Umeihifadhi! Ungeikaanga kabisa na vitunguu. Gundi imeshikana na karatasi, haibanduki tena. Hakuna mkusanyaji atakayeigusa." Kisha uso ukambadilika. "Lakini hii naijua. Abdiaziz aliniletea niinunue. Nikamwambia, kitu kama hiki mwekee mpwa wako. Imefikaje kwako?"

Asmahan akanyoosha mkono aichukue kadi.

"Umeulizwa," Mwanakhamis alisema.

"Tulibadilishana na Fosia. Nilimwambia... nilimwambia ni takataka."

Mama yake hakusubiri zaidi. Walipitia nyumbani kuchukua sanduku zima la kadi, wakashuka hadi mlangoni kwa Fosia.

"Nilikudanganya," Asmahan alisema. "Haikuwa takataka. Halafu nimeiharibu."

Fosia akaipokea kadi ya mjomba wake, akajaribu kuibandua plastiki kwa kucha. Ikakataa. Akamtazama Asmahan juu mpaka chini.

"Na mimi nikakwambia ahsante!"

Akapekua sanduku bila haraka, akatoa kadi sita, zile zile ambazo Asmahan alizipenda kuliko zote.

"Haya, tumemalizana," Fosia alisema, akafunga mlango.

Pale ngazini Mwanakhamis akamgeukia binti yake. "Mashine nakusamehe, hukujua. Lakini ulipomkunjia pua mtoto yule, ulijua. Usijiite mjanja kwa kumdanganya anayekuamini. Huo ni wizi tu, mwanangu, na katika wezi wote, anayemwibia mtoto mdogo ndiye duni zaidi."