Aliyemsindikiza Nyamhanga

Haya yalimpata baba yangu mdogo, Masatu, enzi zile watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Alikuwaga dereva wa gari la wagonjwa kwenye kituo cha afya upande wa Butiama. Landrova zilikuwa mbili, lakini moja ilikaa juu ya mawe ikisubiri vipuri. Dorotea, muuguzi wa kwenye gari, naye alikuwa amepelekwa kijiji kipya. Basi Masatu aliendesha peke yake, mgonjwa nyuma, Mungu katikati.

Mchana mmoja wa jua kali aliitwa akamchukue Nyamhanga. Asubuhi hiyo Nyamhanga alikuwa amemkatakata kwa panga kaka yake, Kwangu, akidai kawaloga watoto wake. Kwangu akafa palepale kwenye shamba la pamba. Wanakijiji wakampiga Nyamhanga mpaka mguu ukavunjika.

"Nani atakaa naye nyuma?" Masatu akauliza. "Mimi sina mhudumu."

Mbuke, mjane wa Kwangu, akasogea, kanga yake imelowa damu ya mumewe.

"Funga mlango, baba," akanong'ona. "Wa kumsindikiza ameshapanda."

Masatu akadhani ni uchungu unaongea. Akafunga komeo kwa nje, akaondoa gari kuelekea Musoma.

Walipoacha nyumba za mwisho, akamsikia Nyamhanga anaongea. Akasikia anajibiwa. Sauti nzito, ya taratibu.

"Kaka, nisamehe," Nyamhanga akalia.

Kisha, pwaa! Kama mtu anatenganisha nyama na mfupa. Nyamhanga akapiga yowe. Pwaa! Gari likayumba. Pwaa! Kidirisha cha nyuma ya kichwa cha Masatu kikawa chekundu.

Akakanyaga breki. Akaruka chini. Yowe likakatika.

Komeo lilikuwa limefungwa vilevile. Akalivuta.

Nyamhanga alilala kwenye machela, kifua kimepasuliwa, mkono unaning'inia kwa ngozi. Panga hakuna. Mtu hakuna.

Polisi walimweka Masatu ndani, wakamwachia. Hakushika usukani tena. Lakini kilichomnyima usingizi mpaka uzeeni hakikuwa ile maiti.

Damu ilikuwa imerukia dari, kuta, na benchi analokaliaga mhudumu. Ila sehemu moja ya benchi hilo ilikuwa kavu, safi kabisa, upana wa mtu aliyeketi.

Masatu aliigusa kwa kiganja.

Ilikuwa na joto.